Samaki pundamilia au yai la kuku? Kuchagua kiumbe cha kutafitia mishipa ya damu na limfu ukiwa Nairobi

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kutafiti jinsi mishipa ya damu na ya limfu (majimaji ya tishu yanayorudishwa kwenye damu) inavyojijenga ana njia nne: samaki pundamilia, yai la kuku, panya wa maabara, na seli za binadamu zinazokuzwa kwenye sahani. Nitasema mapema ninakoegemea. Ukitaka kuuona mshipa ukichipuka, ukirefuka na kuanza kupitisha damu ndani ya mnyama aliye hai, samaki hana mpinzani. Lakini ukiwa Nairobi, una pesa za mwaka mmoja na hadubini ya kawaida, yai la kuku litakufikisha mbali kuliko unavyodhani, na pengine ndilo la kuanzia. Panya mwachie maswali ambayo hao wengine hawayawezi. Seli za sahani ni za kuunga mkono, hazibebi tasnifu peke yake.

Wanaouliza limfu inatuhusu nini huku bara wakumbushwe mambo matatu. Pwani yetu, kuanzia Kwale hadi Lamu, minyoo ya matende huishi ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu mpaka mguu unavimba. Saratani ya Kaposi, ambayo wodi zetu ziliijua vizuri miaka ya mwanzo ya UKIMWI, ina seli zenye alama za ukuta wa mishipa hiyo. Na mama aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti anaweza kubaki na mkono uliovimba kwa kuwa limfu imekosa pa kupitia. Samaki wa siku tano hatatibu hata mmoja wa wagonjwa hao. Anachoweza ni kujibu swali linalotangulia tiba: ni jeni gani zinazojenga mishipa hiyo, na kwa utaratibu upi.

Unachokiona kwa samaki

Samaki pundamilia ana urefu wa sentimita tatu au nne hivi, na asili yake ni mito na madimbwi ya India, Bangladesh na Nepal. Aliyemwingiza kwenye jenetiki kwa dhati ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, aliyechapisha kazi yake maarufu mwaka 1981. Mwaka 1996 jarida la Development lilitoa toleo zima la samaki hawa, lenye matokeo ya misako mikubwa ya kasoro za kurithi iliyofanyika Tübingen na Boston. Tangu hapo si samaki wa mapambo tena.

Jioni unaweka dume na jike kwenye kibeseni chenye kizuizi katikati. Asubuhi taa zikiwaka unaondoa kizuizi, na baada ya muda mfupi mayai yanaanza kudondoka chini. Jozi nzuri hutoa mayai 100 hadi 200 kwa mara moja. Kwenye nyuzi joto 28.5, seli ya kwanza hugawanyika baada ya kama dakika 45. Kesho yake saa kama hiyo moyo umeshaanza kupiga, na haichukui muda damu inazunguka. Yote haya yanatokea nje ya tumbo la mama, kwenye kiinitete kinachopitisha mwanga, kwa hiyo humchani mtu yeyote ili uone.

Ukimlaza kiubavu na kuutazama mkia, utaona aorta na vena kuu zikienda sambamba. Kutoka kwenye aorta vinachomoza vichipukizi kwa vipimo, kimoja kwenye kila mpaka wa pingili za misuli, vimejipanga kama meno ya kitana. Kwenye ncha ya kila kichipukizi kuna seli inayoongoza. Inatoa nyuzi nyembamba, inazinyoosha mbele, inazirudisha, inajaribu upande mwingine. Jirani zake wa nyuma wanazuiwa kufanya hivyo hivyo kwa mawasiliano ya protini za Dll4 na Notch. Ukiuzima mfumo huo, kila seli inataka kuwa kiongozi na mishipa inachipuka ovyo. Kufikia saa 30 hivi baada ya kurutubishwa, ncha zimefika mgongoni na kushikana kuwa mshipa mmoja mrefu. Mtu mwenye subira na hadubini ya mwanga wa florisensi anaweza kurekodi tukio lote usiku mmoja, hasa akiwa na samaki wa fli1a, waliotengenezwa na Lawson na Weinstein mwaka 2002, ambao ukuta wa mishipa yao unang'aa kijani.

Kuna sifa nyingine inayosahaulika, nayo kwangu ndiyo inayoamua. Kiinitete hiki ni kidogo kiasi kwamba oksijeni inapenya moja kwa moja kutoka majini. Hata moyo usipopiga kabisa, kinaishi siku kadhaa. Samaki mwenye kasoro ya kurithi iitwayo cloche hana takriban mishipa wala seli za damu, na bado unaweza kumchunguza akiwa hai. Jeni yake ilisakwa kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka ikatambuliwa mwaka 2016. Panya hapati nafasi hiyo. Panya aliyenyimwa Flk1, kipokezi cha VEGF (protini inayochochea mishipa ya damu), hufa tumboni kati ya siku ya 8.5 na 9.5, na ukimwondolea nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya VEGF hafiki mbali zaidi. Unabaki na tishu iliyokufa, unajiuliza kipi kilisababisha na kipi kilifuata.

Upande wa limfu

Kwa muda mrefu haikujulikana kwa uhakika kama samaki huyu ana mfumo wa limfu unaolingana na wetu. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba anao. Baada ya mishipa ya kwanza kutoka kwenye aorta, mnamo saa 32 hadi 36, wimbi la pili la vichipukizi linatoka kwenye vena. Karibu nusu yake hujiunga na mishipa iliyotangulia na kuigeuza kuwa vena ndogo. Nusu nyingine hujitenga, huenda kupumzika katikati ya ubavu, kisha hushuka na kujenga mfereji mkuu wa limfu chini ya aorta. Kufikia siku ya tano unauona.

Hapo kuna mjadala wa karne nzima ndani yake. Florence Sabin wa Johns Hopkins, mwaka 1902, alidunga wino kwenye viinitete vya nguruwe na kutetea hoja kwamba mishipa ya limfu huchipuka kutoka kwenye vena. Wengine walibisha kwamba inajitengeneza yenyewe kutoka kwenye tishu za jirani. Video za samaki zilionyesha seli moja moja zikitoka kwenye vena na kwenda kuwa limfu, jambo ambalo wino usingeweza kulionyesha.

Ushahidi mzuri zaidi wa thamani ya samaki, kwa maoni yangu, ni ccbe1. Mwaka 2009 watafiti walieleza samaki waliokosa mishipa ya limfu huku mishipa ya damu ikiwa sawa. Miili yao ilijaa maji. Jeni iliyoharibika ilikuwa ccbe1. Mwaka huo huo jeni hiyo hiyo ilikutwa imeharibika kwa wagonjwa wa sindromu ya Hennekam, wanaozaliwa na uvimbe wa limfu. Jeni iliyopatikana kwa samaki ikakuta mgonjwa wake hospitalini, tena bila kusubiri miaka kumi.

Samaki ana mipaka pia. Hana tezi za limfu. Swali lako likihusu jinsi saratani inavyofika kwenye tezi, au jinsi tezi zinavyoitikia minyoo ya matende, umekosea mlango. Kadhalika, jenomu yake iliyochapishwa kikamilifu mwaka 2013 ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina ndugu kwa samaki huyu, lakini nyingi za hizo ziko maradufu, kwa sababu mababu wa samaki wa aina hii waliwahi kurudufisha jenomu nzima. Ukiizima moja, pacha wake anaweza kuifanya kazi yake, na wewe ukadhani jeni haina maana.

Halafu kuna suala la mofolino, vile vipande vya kuzuia jeni vinavyodungwa kwenye yai. Ni rahisi kutumia, na ndiyo maana wengi walivitumia. Mwaka 2015 ulinganisho mpana ulionyesha kwamba dalili nyingi zilizoripotiwa kwa mofolino hazionekani kwa samaki waliorithi jeni iliyoharibika. Sehemu ya maelezo ni kwamba samaki wa kurithi anaweza kufidia kwa kuongeza kazi ya jeni nyingine, lakini si yote. Leo makala yenye mofolino peke yake itapata maswali makali kutoka kwa wahakiki. Panga CRISPR, mbinu ya kuikata na kuibadilisha jeni yenyewe, tangu mwanzo.

Yai, kwa jicho la Nairobi

Mayai ya trei ya dukani hayafai. Yametagwa na kuku wasiokaa na jogoo. Unahitaji mayai yenye mbegu, kutoka kwa wanaototolesha vifaranga au kwa mfugaji wa kienyeji mwenye jogoo. Ya mfugaji ni rahisi kupata, ila ukubwa na umri wake hutofautiana, na tofauti hiyo itakusumbua kwenye takwimu.

Unayaweka kwenye mashine ya kutotolesha yenye nyuzi 37.5 hadi 38. Siku ya tatu, chumba kikiwa giza, ukilimulika yai kwa tochi kali utaona utando wa mishipa myekundu na nukta moja inayodunda katikati. Watu wanaoingia maabara bila hamu hunyamaza wakiona hicho. Unavuta mililita mbili tatu za ute kwa sindano ili kiinitete kishuke mbali na ganda, unakata kidirisha kwa mkasi wenye ncha, unakifunika kwa utepe mwangavu, unarudisha yai kwenye mashine. Kati ya siku ya 8 na 10 utando wa nje umeshatandaa na mishipa yake ni mikubwa kiasi kwamba simu iliyoshikiliwa vizuri kwenye jicho la hadubini inapiga picha ya kutosha.

Utando huo huitikia dawa za kuzuia mishipa, huitikia protini za kuichochea, na una mishipa ya limfu pia: mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba VEGF-C ikiwekwa juu yake huchochea limfu, ilhali VEGF ya kawaida huchochea mishipa ya damu. Kwa swali la "dutu hii inazuia au haizuii", yai linatosha kabisa.

Ila linadanganya kwa namna zake. Mishipa tayari ipo kabla hujaanza, na inaendelea kukua yenyewe, kwa hiyo kuhesabu mipya kunahitaji mayai mengi ya kulinganisha nayo. Vumbi la ganda likidondoka juu ya utando huleta mchochota, na mchochota huvuta mishipa. Unaweza kuripoti dawa inayochochea mishipa kumbe uliikata ganda vibaya. Na ukitaka kuzima jeni kwa kurithi, sahau.

Panya na sahani, kwa ufupi

Panya ana tezi za limfu, mapafu, ujauzito, na utu uzima unaofanana na wetu. Retina yake hupata mishipa baada ya kuzaliwa, na kwa wiki ya kwanza ni uwanja mzuri sana wa kuitazama. Ni kwa panya mwaka 1999 ilipothibitishwa kwamba bila jeni ya Prox1 hakuna mfumo wa limfu, na ni kwa panya ilipoonekana baadaye kwamba wenye nakala moja tu ya jeni hiyo, wakiponea utotoni, hunenepa kupita kiasi ukubwani. Samaki wa siku tano asingetuambia hilo. Lakini kufuga panya wenye jeni zilizobadilishwa kunahitaji banda la viwango, wahudumu wa kila siku na bajeti ya miaka. Kama msimamizi wako hana ushirikiano na taasisi iliyokwisha kuwa na banda hilo, usianzishe lako.

Kuna jambo moja la kumvua panya ukubwa. Thalidomaidi, dawa iliyoharibu viungo vya watoto miaka ya 1950 na 1960, na ambayo huzuia mishipa kuchipuka, haileti madhara hayo kwa panya. Ilipofika kutafuta protini inayoshikwa na dawa hiyo, kazi ya mwaka 2010 iliyoitambua protini hiyo, sereblon, ilithibitishwa kwa samaki pundamilia na kwa kuku. Kuwa mamalia hakutoshi.

Seli za ukuta wa vena ya kitovu zimekuzwa maabara tangu 1973. Nairobi haina uhaba wa vitovu. Kina mama wanajifungua kila siku, na kwa idhini ya mama na kibali cha kamati ya maadili unapata malighafi ya binadamu. Kinachouma ni serumu ya kuagizwa nje, gesi ya kaboni dayoksaidi, na uchafuzi wa kuvu. Seli hizo hujipanga kuwa mirija ndani ya saa chache, lakini ndani ya mirija hakuna damu inayopita, na msukumo wa damu ndio unaoamua mshipa upi udumu na upi ufifie.

Maji, stima na baridi ya Julai

Hapa ndipo samaki anapotaka gharama ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji. Maji ya mfereji yana klorini, itoe kwanza. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi. Yapime kabla ya kuyaamini. Njia salama ni maji yaliyochujwa kwa shinikizo kisha kurudishiwa chumvi zake kwa kipimo.

Stima ikipotea, samaki wazima huvumilia saa kadhaa mradi hewa isikatike, kwa hiyo pampu ndogo ya betri ni muhimu kuliko jenereta. Viinitete havifi haraka, ila vinachelewa, na hilo ni baya kwa njia ya kichinichini. Kimmel na wenzake mwaka 1995 walitoa kanuni: chukua saa ambazo hatua fulani huhitaji kwenye nyuzi 28.5, zigawanye kwa (0.055 mara nyuzi joto za chumba chako, toa 0.57), upate saa zitakazohitajika kwako. Kwenye nyuzi 28.5 kigawanyo hicho ni karibu moja kamili. Kwenye nyuzi 25, hatua ya saa 24 inafikiwa karibu saa 30. Mwezi wa Julai, chumba kikishuka usiku mzima, kundi lako la dawa na kundi la kulinganisha vikiwa rafu tofauti, utaona tofauti ya mishipa iliyoletwa na baridi. Pima umri kwa umbo la kiinitete, usiupime kwa saa ya ukutani.

Yai la kuku linahitaji mashine moja tu iliyo na betri ya akiba. Kwa bajeti ndogo, tofauti hiyo ni kubwa.

Vibali

Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na kamati ya maadili hazikwepeki kwa njia yoyote kati ya hizi. Majaribio kwa wanyama yanaguswa pia na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ulaya, mabuu wa samaki huingia kwenye sheria ya wanyama wa maabara wanapoanza kujilisha wenyewe, yaani karibu siku ya tano. Usiibebe kanuni hiyo hadi huku ukadhani imekuondolea wajibu, mweleze mwenyekiti wa kamati yako mapema. Samaki wanaong'aa ni viumbe waliobadilishwa jeni, kwa hiyo Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 inawahusu, na utahitaji idhini ya mamlaka husika kabla mayai hayajaondoka kwenye hifadhi ya samaki hawa ya Eugene, Marekani, au ya Karlsruhe, Ujerumani.

Asiye na muda wa kungoja idhini ana njia, na nashangaa haitumiki zaidi. Samaki wa kawaida, asiyebadilishwa chochote, akitiwa rangi ya fosfatesi ya alkali (kimeng'enya kilichomo kwenye ukuta wa mishipa) siku ya tatu, mishipa yake inaonekana hata kwa hadubini ya mwanga wa kawaida, hasa ile inayozunguka kiini cha yai. Seli nyekundu za damu nazo hupata rangi kwa o-dianisidini. Kwa limfu njia hiyo haikusaidii. Hapo unahitaji samaki anayeng'aa, au mkono mtulivu sana wa kudunga rangi.

Wenye miti-dawa

Wengi wanaoniuliza swali hili Nairobi wana dondoo la mti kwenye chupa na wanataka kujua kama linazuia mishipa ya saratani. Hao nawaambia: yai kwanza, samaki wa rangi ya fosfatesi pili, na seli baadaye kama pesa zitabaki.

Kwa samaki, dondoo linawekwa majini tu, na kwenye sahani ya vishimo 96 unajaribu vipimo vingi kwa siku moja. Urahisi huo una mtego. Dondoo ghafi hubadilisha asidi ya maji, huyatia rangi, na nyingi huwa sumu kwa kiinitete chote. Kiinitete kilichodumaa kina mishipa mifupi, na mishipa mifupi inapendeza kwenye jedwali. Kwa hiyo pima urefu wa mwili, mapigo ya moyo na ukubwa wa jicho pamoja na mishipa. Pima asidi ya kila kishimo kabla ya kuweka samaki. Weka kundi la kiyeyushi peke yake, na ukitumia DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, usipitishe asilimia moja. Weka pia kundi la dawa inayojulikana kuzuia kipokezi cha VEGF, ili ujue jaribio lako lina uwezo wa kuona kizuizi kikiwepo. Mwili ukiwa na urefu wa kawaida, moyo ukipiga kawaida, na mishipa ya kati ya pingili ikiwa imekomea nusu ya njia, hapo una jambo la kumpelekea mkemia akutenganishie dondoo.